Glampingi Ushongo na bibi na watoto: yale ambayo picha hazikutuambia

Kama unataka kuipeleka familia ikalale kwenye yale mahema ya kisasa ya ufukweni, ndio hiyo wanayoiita glampingi, kabla hujauliza bei, kabla hujauliza kama kuna wifi, angalia mwezi wa angani kwanza. Sitanii. Sisi tuliangalia likizo ya shule inaisha lini, tukaangalia hela, tukaangalia picha, hakuna aliyeangalia mwezi, na karibu kila kilichotupata kule, kizuri na kibaya, kilitoka hapo.

Tulikwenda Ushongo, ufukwe wa Pangani mkoani Tanga, mwisho wa Desemba 2024. Msafara ulikuwa mimi na baba watoto, watoto wetu watatu (mdogo usiku bado anavaa pampasi), mama mkwe wangu ambaye magoti yanamsumbua, na mdogo wangu wa kiume na mkewe, wote tumebanana kwenye Noah moja na mabegi yamefungwa juu. Zanzibar tulishaipigia hesabu, nauli za boti kwa watu wote hao kwenda na kurudi zilitukatisha tamaa mapema. Wifi yangu, huyo mke wa mdogo wangu, ndiye aliyeleta picha, hema kubwa la turubai limesimama juu ya jukwaa la mbao, ndani vitanda vya kweli na shuka nyeupe zimekunjwa mfano wa bata, nyuma bafu la mawe lisilo na paa, mbele minazi na bahari ya bluu. Pembeni kuna mabanda ya mbao ya makuti kwa wasiotaka hema. Nani angekataa.

Sasa kuhusu hela, maana najua ndicho mnachotaka kujua. Bei tuliyoiona ilikuwa kwa dola, kipindi hicho wengi walikuwa wanaandika hivyo, kanuni za 2025 zimeshakataza bei za dola hapa nchini kwa hiyo ukikutana nayo leo waambie wakupe kwa shilingi. Tukauliza bei ya mkazi, ikashuka vizuri. Usipouliza hawakwambii, na sehemu nyingine wanataka kitambulisho cha taifa cha NIDA mlangoni kwa hiyo kibebe. Tukapiga hesabu, mahema mawili na banda moja, kama laki tatu na nusu kwa usiku, tukafurahi, tukatuma nusu ya malipo. Wiki moja kabla ya safari ndio wanatuma mchanganuo, kumbe bei sio ya hema, ni ya kichwa. Elfu tisini kila mtu mzima pamoja na chai ya asubuhi na chakula cha usiku, watoto nusu, mdogo bure. Jumla laki tano na arobaini kwa usiku mmoja! Na ile nusu tuliyotuma hairudishwi. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa unapopiga simu ni hili, bei ni ya hema au ya kichwa, mtoto anaanza kulipa akiwa na umri gani, na chakula gani kimo. Waambie waandike, usikubali la mdomoni, kesho kutwa utakayemkuta mapokezi siye uliyeongea naye.

Njiani. Sisi wa Tegeta tunapita Bagamoyo, unatokea Msata, unavuka daraja la Wami, Mkata, Kabuku mpaka Segera, hapo unakata kulia. Lami nzuri ila kila kijiji mwendo ni hamsini na askari wa tochi za kupima mwendo wapo hata pale ambapo hakuna kijiji cha kuonekana. Muheza tukanunua machungwa, gunia dogo, bei ya kuchekesha ukilinganisha na Dar, nunueni, mtaona mbele yalivyotusaidia. Kutoka Muheza mdogo wangu akasema kuna njia ya mkato ya moja kwa moja mpaka Pangani, hakuna haja ya kuzunguka Tanga mjini. Njia ipo kweli, inapita mashamba ya mkonge, ila ilikuwa ya udongo na mvua za vuli zilikuwa hazijakata vizuri, Noah ikawa inatembea mdogomdogo, mama mkwe nyuma anavuta uradi. Tulichookoa kwenye kilomita tukakilipa kwenye muda. Kama una gari la chini na kumenyesha, pita Tanga.

Pangani mjini lazima uvuke mto, Ushongo iko upande wa pili, upande wa Bweni. Daraja lilikuwa linajengwa, nguzo tunaziona zimesimama, lakini sisi tulivuka kwa kivuko. Abiria mnashuka, dereva anapanda peke yake na gari, nyinyi mnatembea kwa miguu pamoja na mizigo ya mkononi na watoto. Bibi mwenye magoti mabovu na ile ngazi ya chuma yenye utelezi, tulimshika mikono wawili. Foleni ya sikukuu nayo ilikuwepo. Kama bado mnavuka kwa kivuko, ukifika mtoni jioni sana unaweza kulala upande usiokuwa wako, kwa hiyo piga simu kambini mapema wakwambie kivuko cha mwisho ni saa ngapi siku hiyo.

Tukafika jua linazama. Pazuri, siwadanganyi, picha hazikuongopa kwenye uzuri. Ila saa ile ya magharibi ndiyo saa ya usubi. Mbu tulijiandaa nao, dawa za kupaka tumebeba, neti zipo, lakini usubi ni vidudu hata huvioni na vinapita kwenye matundu ya neti. Kesho yake miguu ya watoto ilikuwa vipele vitupu. Wenyeji walitwambia upande wenye mikoko ndio wanazidi na upepo ukivuma wanapungua. Sasa hivi nikienda pwani watoto wanavaa suruali na soksi kuanzia saa kumi na mbili kasoro, wanune wasinune, na mafuta ya nazi tunapaka mengi mengi maana yanasaidia kidogo, vidudu vinanasa.

Mgao wa vyumba ndio ulitaka kutugombanisha. Kile walichokiita hema la familia kilikuwa mahema mawili yaliyosimama jirani, si hema moja lenye vyumba. Yaani watoto walale lao na sisi letu, katikati giza na mchanga. Mtoto wa miaka minne alale peke yake na kaka zake kwenye turubai porini? Baba watoto akahamia na wale wakubwa wawili, mimi nikabaki na mdogo, ndoa ikapumzika likizo nzima. Na mama mkwe kwa heshima tulimpa hema la mstari wa mbele kabisa linaloitazama bahari, tukaona tumemkirimu. Kumbe tumemtesa! Ngazi za jukwaa zilikuwa ndefu hazina pa kushikia, kitanda kiko chini mno mtu mzima hainuki, choo unashuka vijiwe vya kuteleza kwa nyuma, na umeme ni wa sola, usiku wa manane taa ya nje ilikuwa imeshakufa. Zipu ya mlango imeliwa na chumvi, mpaka uivute kwa mikono miwili.

Usiku ule ule wa kwanza, kama saa tisa hivi, nasikia kelele. "Jamani amkeni, maji yanaingia!" Ni mama mkwe. Tukatoka mbio na tochi za simu, mimi na kanga tu, bahari ambayo jioni tuliiacha inarudi nyuma sasa iko hapo, mawimbi yanapiga mchanga hatua chache kutoka kwenye jukwaa, turubai linapigapiga, na huko juu kwenye miti kitu kinalia sauti ya mtoto mchanga kabisa. Watoto wakaanza kulia na wao. Mlinzi akaja taratibu, mzee mmoja wa hapo hapo, akamsabahi mama mkwe vizuri ndio akasema, hayafiki hapo bibi, hili ni bamvua, mwezi unakaribia kuandama. Na anayelia huko juu ni komba, anatafuta tembo la mgema, ile pombe ya mnazi. Watu wa Tanga na upole wao, nilitamani kucheka.

Yule mzee asubuhi ndiye aliyetupa elimu ambayo tungeipata kabla tungeokoa mengi. Kwa pwani yetu hii, mwezi ukiwa mchanga kabisa au ukiwa mpevu, maji yanakuwa ya bamvua, yanajaa sana na kupwa sana, na yanajaa karibu saa kumi, ya usiku na ya jioni, yanakupwa karibu saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Kila siku inayopita yanachelewa kama dakika hamsini. Ukifika katikati, tuseme tarehe saba au ishirini na mbili kwa hesabu ya mwezi mwandamo, ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana, na kujaa kunaangukia asubuhi ya saa nne, saa tano. Sisi tulikuwa kule mwezi wa Rajabu unakaribia kuandama, yaani bamvua. Kwa hiyo watoto wanaamka saa moja, wameshavaa nguo za kuogelea, ukiangalia mbele unaona mchanga na majani ya bahari na ngalawa zimelala ubavu, maji yako huko mbali. Wanasubiri mpaka saa nane mchana, jua la utosi, ndio maji yanarudi ya kuogelea. Mtu umelipa laki tano na arobaini na watoto wanashinda wanachimba mashimo na kuuliza bado.

Kwa hiyo kama nia yenu ni watoto waogelee asubuhi, chukueni kalenda yenye tarehe za Kiislamu, nendeni siku za maji mafu. Basi. Hata sebuleni kwa jirani hiyo kalenda ipo ukutani.

Lakini na bamvua lina raha yake. Asubuhi ile maji yamekupwa, kina mama wa kijijini walipita na vijiti vyao kwenda kutafuta pweza kwenye mwamba, wifi yangu akawaomba akaenda nao, akarudi na pweza wawili wa kununua na hadithi za wiki nzima. Na kubwa zaidi ni Maziwe. Hiki ni kisiwa cha mchanga nje ya Pangani, ni eneo tengefu la bahari, na kinaonekana maji yakikupwa tu, yakijaa chote kinazama. Zamani kilikuwa na miti na kasa wanakuja kutaga, miti ikaisha, mchanga ukaliwa, siku hizi kasa akipanda kutaga inabidi mayai yachukuliwe yakafukiwe upande wa bara yasizame. Siku ya bamvua kupwa kwake ni saa nne asubuhi, muda mzuri kuliko wote, unatoka saa mbili, unapata masaa ya kutosha juu ya mchanga na kuangalia samaki kwenye matumbawe, unarudi kabla upepo wa kaskazi haujapamba moto. Sisi tulichelewa kuondoka chai ilivyochelewa, kurudi tulilowa wote mpaka simu ya mdogo wangu ikafa.

Mambo ya kuuliza kabla ya boti. Bei ni ya boti nzima au ya kichwa (yetu ilikuwa ya boti, laki mbili na nusu, kwa hiyo mkijaa inashuka), kiingilio cha hifadhi kimo au mnalipa pembeni, na maboya ya watoto yapo? Sio yapo tu, mvalishe mtoto mkiwa bado mchangani umuone. Yale ya wakubwa yanampanda mtoto mpaka masikioni na akianguka majini anachomoka kwa chini. Sisi tuligoma kupanda mpaka wakaenda kuazima mawili ya saizi ya watoto kwa jirani, nahodha alinuna, anune tu. Na kule kisiwani hakuna kivuli hata cha kusimama mtu mmoja, bebeni miavuli, maji ya kunywa, kanga za kufunika watoto. Mama mkwe alibaki kambini na mdogo, na kusema ukweli ndio walioila likizo vizuri siku ile.

Kijana wangu wa kati alikanyaga wale wadudu wa miiba myeusi siku ya kutembea kwenye mwamba, alikuwa na ndala za kawaida zikamvuka. Mayowe. Mpishi alikwenda kukata papai bichi akampaka yale maziwa yake, halafu tukamloweka mguu kwenye maji ya moto anayoyavumilia, jioni alikuwa anatembea. Nunueni yeboyebo zinazofunika vidole, za elfu nne elfu tano pale Kariakoo, za watu wote na wakubwa pia. Na begi la dawa lisiwe la mapambo, weka kipimajoto, dawa ya homa, chumvichumvi za kuharisha, mafuta ya kuungua na jua, maana hospitali iko Pangani mjini na mto uko katikati. Mimi hilo la mto nililifikiria usiku wa pili mtoto alipopata joto, sikulala, namshukuru Mungu ilikuwa jua tu.

Hema mchana halikaliki, hilo pia hawaandiki. Kuanzia saa mbili na nusu jua likilipiga turubai ni tanuri, mtoto wa kulala mchana humuwekei mle. Mabanda ya makuti yanapoa, na yana upepo, ingawa makuti yanadondosha vumbi na mijusi inaongea usiku. Siku ya pili tukaomba mama mkwe ahamie banda, wakatutoza elfu arobaini zaidi kwa usiku, tukalipa bila kubishana, kitanda kiko juu, choo kimo ndani, ngazi mbili tu. Kama nikirudi na familia ya aina ile nachukua mabanda kwa wazee na wenye watoto wadogo, mahema wapewe vijana na wanandoa wapya wenye kutaka kusikia mawimbi. Ukipewa hema, angalia juu kwanza. Likiwa chini ya mnazi wenye nazi, kataa. Chini ya mvinje ni afadhali na kivuli kipo.

Chakula kizuri, samaki wabichi kweli, changu, kolekole, kamba, lakini jiko la kule haliwashwi kwa sababu una njaa. Chakula cha mchana unaagiza wakati wa chai la sivyo utakula saa kumi, na sahani moja ilikuwa elfu ishirini na tano, mara watu nane. Siku ya kwanza tulilipa tukanyamaza. Iliyofuata mdogo wangu akaenda kijijini, akanunua samaki kwa wavuvi walioshusha asubuhi, akamkuta mama mmoja anayepika, tukaletewa wali wa nazi na samaki wa kupaka sufuria nzima chini ya elfu sitini, tukala wote tukabakisha. Muulize mwenye kambi kwanza kama anaruhusu chakula cha nje, wetu aliruhusu kwa shingo upande. Ukienda kijijini jisitiri, dada zangu, kijiji cha watu wa dini, kanga moja juu ya hiyo kaptula haikupunguzii kitu, na salamu kabla ya swali.

Yale machungwa ya Muheza ndiyo yaliyotuokoa katikati ya milo, na biskuti na korosho. Ila msiache chakula hemani. Tumbili wanajua zipu. Walifungua hema la baba watoto wakachukua mkate na pakiti ya pampasi, pampasi tuliziona juu ya mti siku nzima.

Maji ya bombani yana chumvi, sabuni haitoi povu, nywele zinakuwa ngumu, bebeni shampuu na mafuta na maji ya kunywa ya kwenu, madumu mawili ya lita ishirini, kwa sababu chupa moja kambini inauzwa bei ya madukani mara tatu. Chaji simu mchana, mapokezi, na njoo na ekstensheni yako maana soketi ni mbili na wageni ni thelathini. Udi wa mbu usiwashe ndani ya hema, turubai na moto havijuani. Viatu vikung'uteni asubuhi, wifi yangu alimkuta tandu.

Bili ya mwisho ilikuja na vitu tusivyovitambua, kuni za moto wa usiku, taulo za ufukweni, soda ambazo watoto walikuwa wanachukua wenyewe wanasema andika. Tulikaa na yule dada wa mapokezi nusu saa tunapitia moja moja na kuna kama elfu themanini aliziondoa mwenyewe bila ugomvi. Pitieni bili usiku wa kuamkia safari, sio asubuhi mkiwa mnakimbilia kivuko.

Mama mkwe anataka kurudi, hilo ndilo lililonishangaza, na ameshasema anataka lile lile banda. Baba watoto alipendekeza Julai nikamwambia hapana, kusi ikivuma kule mahema yanapiga makofi usiku kucha, tungoje Septemba mwishoni au Oktoba kabla ya vuli, na tarehe nachagua mimi na kalenda yangu. Kurudi tulipita Tanga mjini, mzunguko ni mrefu lakini mgongo ulishukuru, tukiwa hatujafika Msata tochi ikatukuta kwenye mwendo wa sitini na mbili, faini elfu thelathini, nayo iwekeni kwenye bajeti.